SOMO LA SITA: Kufungua Giaboksi Mwenyewe au Kumpa Fundi? Mwongozo kwa Mmiliki wa Gari la Kale

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kutambua kama tatizo liko kwenye sanduku la gia au mahali pengine; ataweza kulinganisha gharama za kulifufua sanduku hilo mwenyewe, kumpa fundi, au kununua jingine la mtumba; na ataelewa ni nani anayewajibika iwapo kazi itaharibika. Sanduku la gia ndilo ambalo mafundi wengi huliita giaboksi, na katika somo hili tutatumia jina hilo.

Mfano wa somo

Tuseme umeachiwa na baba yako gari aina ya Datsun 240Z ya mwaka 1972. Ni gari la michezo la watu wawili, lenye injini ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 2.4, na lilitengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani. Katika Afrika Mashariki gari hili lina historia yake. Ndilo lililompa ushindi Edgar Herrmann katika mashindano ya Safari mwaka 1971, kisha likampa ushindi Shekhar Mehta mwaka 1973. Wazee wengi wa Dar es Salaam walilifahamu jina lake kupitia redioni kabla ya kuliona barabarani.

Sasa gari limeanza kulalamika. Gia ya pili inakwaruza inapoingizwa, na kuna mvumo unaosikika gari likiwa limesimama. Jirani anakwambia ulifungue mwenyewe, maana kila kitu siku hizi kinafundishwa kwenye simu. Fundi wa Gerezani anasema alete giaboksi ya mtumba, aifunge leo hii. Rafiki anashauri uliuze gari kama lilivyo. Mbele yako yapo maamuzi matatu, na kila mmoja kati ya washauri hawa ana sababu zake. Somo hili linakusudia kukupa sababu zako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Hakikisha ugonjwa ni wa giaboksi

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kufungua kitu ambacho hakijaharibika. Kabla ya kugusa spana, fanya vipimo vifuatavyo, ambavyo havihitaji fedha.

Washa injini, gari likiwa limesimama na gia ikiwa huru, na mguu ukiwa mbali na klachi. Sikiliza. Kisha kanyaga klachi hadi mwisho. Ikiwa mvumo uliokuwepo unatoweka unapokanyaga, yaelekea beringi za ndani ya giaboksi zimechoka. Ikiwa kelele inaanza pale unapokanyaga, mtuhumiwa ni beringi ya klachi, ambayo haimo ndani ya giaboksi.

Jaribu kila gia. Ikiwa ni gia moja tu inayokwaruza, kwa mfano ya pili, huenda pete ya sinkronaiza ya gia hiyo imelika. Ikiwa gia zote zinakwaruza, na hasa ya kurudi nyuma, inaelekea klachi haiachii vizuri. Datsun 240Z hutumia klachi ya mafuta, yenye masta silinda juu na silinda ndogo kule chini. Sili iliyokatika katika mojawapo ya silinda hizo huweza kumfanya mtu aamini kwamba giaboksi imekufa, ilhali dawa yake ni kifurushi kidogo cha mipira.

Mkono wa gia ukiwa unachezacheza kama kijiko ndani ya kikombe, angalia kwanza bushi za mkono wenyewe. Bushi hizo hubadilishwa bila kuishusha giaboksi.

Mwisho, mwaga mafuta ya giaboksi kwenye chombo safi, uyachunguze mwangani. Uji mwembamba wa kijivu kwenye nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Chembe za manjano zinazometameta huashiria kwamba pete za sinkronaiza, ambazo hutengenezwa kwa shaba nyeupe au madini yanayofanana nayo, zinalika. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni dalili ya jino lililovunjika. Ukiviona, usiendelee kuliendesha gari.

Hatua ya pili: Elewa unachotaka kukifungua

Ndani ya giaboksi kuna shafti zilizobeba gia, na gia za jozi moja hukaa zikiwa zimeshikana wakati wote. Unapoingiza gia, husogezi gia yenyewe. Unasogeza mkufu unaoifunga gia hiyo kwenye shafti yake. Kwa kuwa vitu hivyo viwili huzunguka kwa mwendo tofauti, pete ya sinkronaiza hufanya kazi kama breki ndogo: huvisawazisha kwanza, kisha huruhusu meno yaingiliane. Pete ikilika, usawazishaji haupo, na meno hugongana. Huko ndiko kukwaruza unakokusikia.

Kwa hiyo kuifufua giaboksi kwa kawaida maana yake ni kubadilisha beringi, sili, gasketi na pete, na kuzikagua gia zenyewe. Si kazi ya miujiza. Ni kazi ya usafi, mpangilio na vipimo. Mtu makini huweza kuifanya. Mtu mwenye haraka huirudia mara mbili.

Jambo moja la pekee kuhusu gari letu la mfano ni kwamba Datsun 240Z za mwanzo zilikuwa na giaboksi ya aina A, na zilizofuata zilifungwa aina B. Pete za aina moja huenda zisikae kwenye nyingine. Aidha, giaboksi za ukoo wa aina B zilifungwa pia katika magari mengine ya Datsun na Nissan, yakiwamo baadhi ya pikapu. Ndiyo maana utaambiwa sokoni kwamba "zote ni moja". Si kweli. Sehemu ya mbele inayoshikana na injini na urefu wa sehemu ya nyuma hutofautiana kulingana na gari na injini. Chukua vipimo na picha za giaboksi yako kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya tatu: Piga hesabu ya kweli

Watu wengi hudhani kwamba wakifanya kazi wenyewe wataokoa nusu ya gharama. Tuitazame dhana hiyo kwa tarakimu. Tarakimu zilizopo hapa ni za mfano tu wa kujifunzia, wala si bei za soko. Weka zako mahali pake.

Njia ya kwanza, kufanya mwenyewe: beringi, sili na gasketi shilingi 450,000, pete za sinkronaiza 400,000, mafuta ya gia na vifaa vya kusafishia 80,000, spana na vyombo maalumu usivyokuwa navyo 250,000, malipo ya karakana yenye mashine ya presi 60,000. Jumla ni shilingi 1,240,000.

Njia ya pili, kumpa fundi: spea zilezile 850,000, mafuta na usafi 80,000, ujira 400,000. Jumla ni shilingi 1,330,000.

Njia ya tatu, giaboksi ya mtumba: giaboksi yenyewe 900,000, kuifunga 150,000, mafuta 80,000. Jumla ni shilingi 1,130,000.

Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili ni shilingi 90,000 tu. Sababu yake ni rahisi. Ukifanya mwenyewe, huokoi bei ya spea. Unaokoa ujira wa fundi peke yake, na sehemu kubwa ya ujira huo hurudi dukani kununua vyombo ambavyo fundi tayari anavyo. Ukiharibu beringi moja mpya kwa kuigonga na nyundo, faida yote imekwenda.

Je, hiyo ina maana kwamba kufanya mwenyewe ni upumbavu? Hapana. Vyombo hubaki vyako, na ujuzi hubaki wako. Ila anayeamua kwa njia hiyo aamue kwa sababu anataka kujifunza na kulijua gari lake, wala asiamue kwa kuamini kwamba ataokoa fedha nyingi.

Njia ya tatu ndiyo rahisi kwa maandishi. Lakini giaboksi ya mtumba ni mzigo uliofungwa. Ikiwa nayo imechoka, na ikiwa huna haki ya kuirudisha, utalipa tena 1,130,000, na jumla itafika 2,260,000. Waliosema kwamba rahisi huwa ghali hawakukosea.

Hatua ya nne: Jipime mwenyewe

Jibu maswali haya kwa ukweli.

Je, umewahi kubadilisha klachi au kufungua kifaa chenye beringi na kukirudisha kikafanya kazi? Giaboksi isiwe darasa lako la kwanza.

Je, unacho kitabu cha karakana cha gari lako? Kitabu hicho ndicho chenye vipimo vya uchakavu wa pete na nguvu ya kukazia kila nati. Video ya mtu mwingine, ya gari jingine, haiwezi kushika nafasi yake.

Je, unayo sehemu yenye sakafu ngumu iliyonyooka, paa, na mlango unaofungwa kwa siku kadhaa? Uchochoro wa Kariakoo si mahali pa kutandaza vipande vya giaboksi. Kipande kimoja kidogo kikipotea, kazi nzima imesimama.

Je, unaweza kuishi bila gari kwa muda usiojulikana? Kama unaweza kupanda mwendokasi au daladala kwa mwezi mzima bila kazi yako kuharibika, haraka haitakusukuma kufanya makosa.

Je, umehakikisha spea zinapatikana kabla ya kufungua? Swali hili ndilo huamua hatima ya magari mengi ya kale. Gari linalokwaruza gia ya pili bado ni gari. Gari ambalo giaboksi yake imo katika ndoo tatu chini ya kitanda, likisubiri pete ambayo haijulikani itatoka wapi, limeshuka thamani kwa kiasi kikubwa, na mara nyingi huishia kuuzwa vipande vipande. Uliza kwanza, agiza kwanza, fungua baadaye.

Ukijibu "hapana" kwa maswali mawili au zaidi, mpe fundi.

Usalama

Giaboksi ina uzito wa makumi ya kilo, na huteremshwa na mtu aliyelala chali chini yake. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali au mawe. Tumia stendi imara nne. Ondoa waya wa betri. Usiishushe giaboksi bila msaidizi na bila jeki ya kuibeba. Usisafishe vipande kwa petroli, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Usimwage mafuta machakavu mtaroni; maji ya mitaro ya jiji huishia mitoni na baharini.

Hatua ya tano: Kununua spea kwa akili

Eneo la Kariakoo na Gerezani lina maduka mengi ya spea, na kwa mlaji anayejua anachokitafuta ni neema. Zingatia yafuatayo.

Beringi husomwa kwa namba. Namba huchongwa kwenye chuma cha beringi yenyewe. Kwa mfano, katika beringi yenye namba 6306, tarakimu mbili za mwisho, 06, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, yaani milimita 30. Kwa hiyo huna haja ya kutafuta "beringi ya Datsun". Tafuta beringi yenye namba hiyo, iliyotengenezwa na kampuni inayoaminika. Sili nazo huandikwa vipimo: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Nenda na ile ya zamani mkononi. Pete za sinkronaiza na gia, kwa upande mwingine, lazima ziwe za aina ileile ya giaboksi yako.

Jihadhari na bidhaa bandia. Chunguza maandishi ya boksi na ya beringi yenyewe: yaliyofifia, yenye makosa ya tahajia, au namba zisizolingana ni dalili mbaya. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa zenye alama za kughushi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea taarifa zake.

Mafuta nayo yana daraja. Mafuta ya daraja la GL-5 yamekusudiwa zaidi difu, na katika giaboksi nyingi za kale huzuia pete za sinkronaiza zisifanye kazi yake ipasavyo. Fuata kitabu cha gari. Kwa giaboksi nyingi za enzi hiyo daraja ni GL-4.

Ukienda dukani na fundi, kubalianeni ujira wake kabla ya kuondoka, na ulipie spea wewe mwenyewe kwa muuzaji. Bei iliyoongezewa cha juu huumiza, na hufanya pia spea duni ichaguliwe kwa sababu tu duka hilo linamlipa aliyekuleta.

Hatua ya sita: Nani atawajibika?

Hili ndilo swali ambalo walaji wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Ukimpa fundi mmoja kazi yote, spea na ujira, giaboksi ikilia baada ya wiki mbili unaye mtu mmoja wa kumdai. Ukinunua spea mwenyewe na fundi akazifunga, fundi atasema spea ni mbovu, na muuzaji atasema zimefungwa vibaya. Ukifanya kila kitu mwenyewe, unabaki na dai dhidi ya muuzaji wa spea tu, na ni wewe utakayetakiwa kuonyesha kwamba uliifunga sawasawa. Katika kila njia, uwajibikaji una bei yake, na sehemu ya ujira wa fundi ni malipo ya uwajibikaji huo. Lakini fundi asiyeandika chochote hajakuuzia uwajibikaji wowote.

Kwa hiyo, dai maandishi. Risiti ya mashine ya kielektroniki ni haki yako, lakini neno "spea" juu ya risiti halikusaidii. Omba muuzaji aandike: "Giaboksi ya mtumba, aina B, kwa ajili ya Datsun 240Z, gia zote zinaingia, inarudishwa ndani ya siku 14 ikibainika ina kasoro." Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ukimweleza muuzaji matumizi unayokusudia na ukategemea ujuzi wake, jambo hilo nalo lina uzito. Angalizo: ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamikia baadaye kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Basi ukikagua, kagua kweli: zungusha shafti kwa mkono, ingiza kila gia, tikisa shafti juu na chini, nusa mafuta, tazama kama kasha lina ufa.

Maduka mengi hubandika tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo halimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na aliyeuza mtumba kwa jina la mpya hawezi kujificha nyuma ya karatasi ya ukutani.

Likitokea tatizo, tunza spea iliyoharibika, risiti na picha. Mwandikie muuzaji au fundi ukieleza kasoro na unachotaka: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa, au kurekebishiwa. Asipojibu, peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Usiiachie karakana nyingine iifungue giaboksi kabla mlalamikiwa hajapewa nafasi ya kuiona, kwa maana ushahidi ukishafunguliwa haufungiki tena.

Njia ya nne

Kati ya kufanya yote na kutofanya lolote ipo njia ya kati. Ishushe giaboksi mwenyewe pamoja na msaidizi, uisafishe kwa nje, kisha uipeleke kwa fundi aifungue mbele yako mezani. Mhesabu pamoja kinachohitajika. Fundi anunue spea kwa orodha mliyoitia saini wote wawili, akurudishie spea zote za zamani, aifunge, na akupe dhamana ya maandishi. Utakuwa umeokoa sehemu ya ujira, umejifunza kilichomo ndani, na umebaki na mtu mmoja wa kuwajibika. Kwa mmiliki wa mfano wetu, ambaye hajawahi kufungua giaboksi lakini hataki kuliacha gari la baba yake mikononi mwa watu asiowafahamu, hii ndiyo njia tunayoipendekeza.

Maswali ya kujipima

1. Gari lako linakwaruza gia zote, na zaidi ile ya kurudi nyuma. Utakagua nini kwanza, na kwa nini?
2. Andika hesabu ya njia tatu kwa gari lako mwenyewe, kwa bei ulizoulizia katika maduka yasiyopungua matatu. Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili ni kiasi gani?
3. Muuzaji anakataa kuandika maelezo ya giaboksi kwenye risiti. Kukataa huko kunakufundisha nini kuhusu giaboksi hiyo?
4. Taja watu wanaoweza kuwajibika katika kila njia, na uonyeshe ni katika njia ipi mlaji hubaki peke yake.